Kanga mbichi

"Mama, mbona mwili unaungua halafu mimi naona baridi?"

Mwanangu aliniuliza juzi usiku, meno yakigongana. Nililowesha kanga, nikaikamua, nikamwekea kwenye paji la uso. Harufu ya kanga mbichi ilipopanda, nikajikuta Temeke, chumba cha uani, umeme umekatika.

Mdogo wangu yuko mkekani. Malaria. Kipimajoto kinasoma nyuzi 40.2. Kesho yake nina mtihani wa baiolojia ya seli, madaftari yamezagaa kando ya kandili. Mama anageuza kanga, na kila akiigeuza, upande uliolalia ngozi umeshapata moto kama nguo iliyoanuliwa saa saba mchana.

"Soma kwa sauti, nisisinzie."

Nikasoma. Protini ni mnyororo unaojikunja mpaka upate umbo, na bila umbo haifanyi kazi. Joto likizidi mikunjo inalegea, sehemu zinazokimbia maji zinachomoza nje na kunatana na za jirani, ndiyo maana ute wa yai ukishapikwa haurudi. Mwaka 1962 Mwitalia Ferruccio Ritossa aliandika kwamba nzi wa matunda waliopata joto, kromosomu zao, zile zinazobeba vinasaba, zilivimba mahali fulani. Seli ilikuwa inajiandaa kutengeneza protini za mshtuko wa joto. Mojawapo, Hsp70, huzishika zile sehemu zilizo wazi, huzificha, kisha huziachia ili mnyororo ujikunje wenyewe. Nyingine ina umbo la pipa: huifungia protini moja ndani, peke yake, ikaifunika, halafu ikaitoa.

Mama, somo ambaye mtaa mzima ulimwita kufunda mabinti, akainua uso.

"Huyo si somo? Mwali anawekwa ndani, hazururi kwa watu mpaka aive. Na harusi ikiisha, somo anarudi kwake."

Hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza vizuri hivyo. Hata hilo la mwisho ni kweli: chaperoni, ndilo jina la protini wasaidizi kama hizo, haibaki kuwa sehemu ya protini iliyoisaidia.

Akaigeuza tena kanga. "Na hivyo vijidudu vya malaria vilivyomo humu, vyenyewe havina somo?"

Daftari halikuwa na jibu. Alfajiri tukaenda hospitali, mdogo wangu akapona, mtihani nikafaulu.

Jibu nililipata miaka baadaye. Vinaye. Kimelea kinatoka kwa mbu, ambaye joto lake hufuata la hewa, kinaingia kwenye damu yenye nyuzi 37, kisha homa inakifuata humo humo. Kina Hsp70 zake kadhaa, na moja huvuka mipaka ya kimelea hadi ndani ya chembe nyekundu ya damu kiliyoivamia. Usiku ule, chini ya kanga moja, walikuwa wakihimili joto wote wawili, mwenye nyumba na mvamizi.

Nilimpigia simu Mama nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

"Sasa mimi nilikuwa nampoza nani?"

Mpaka leo sijamjibu. Juzi mwanangu alipopitiwa na usingizi, tukingoja kuche twende kupima, niliigeuza kanga. Upande wa chini ulikuwa wa moto.