Nauli ya Katoni

Mara ya kwanza nilipotoa kompyuta Nairobi, nilizipandisha basi la usiku. Zilikuwa tatu, zote za mezani, na butini zililala chini ya magunia ya vitunguu. Tulipofika Luanda yetu ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, alfajiri, mbili kati yazo, kila zikiwashwa, zilitoa ule mlio wa diski iliyoharibika, tik, tik, tik, ambao fundi akiusikia hufunga mkoba wake na kuanza kukupa pole.

Kwa hiyo safari hii, ofisi anayofanyia kazi shemeji yangu ilipobadilisha mashine zake na kuipa shule yetu laptopu tano na kompyuta moja ya mezani, shemeji hakuniuliza. "Mwalimu, utarudi na ndege. Tiketi nimeshalipa. Sitaki kusikia tena habari za vitunguu." Mimi nami sikubisha. Watahiniwa wangu wa KCSE walikuwa na mradi wa somo la Kompyuta wa kumaliza, na katika maabara yetu zilizokuwa zikiwaka zilikuwa nne tu.

Usiku wa kuamkia safari tulizipanga zote kwenye zulia la sebuleni, watoto wakafukuzwa. Tiketi yangu iliruhusu kilo 7 mkononi. Laptopu moja ya kizamani, hata bila chaja, ni kama kilo 2. Basi tatu nitabeba mwenyewe, mbili ziende kwenye begi la tumboni mwa ndege pamoja na chaja zote.

Hapo nikajifanya mjuzi. Betri za mashine hizo zilikuwa za kuchomoa, nami nikazichomoa zile mbili za begini nikizifunga kwenye soksi, nikidhani hivyo ndivyo usalama ulivyo. Shemeji akacheka. Betri ikiwa ndani ya laptopu iliyozimwa kabisa, inaweza kwenda chini. Ikishatoka inakuwa betri ya akiba, na betri ya akiba haishuki chini hata siku moja, inakaa na mwenyewe juu. Pawabenki vilevile.

Sababu yake naijua, kwa kuwa nimewafundisha wanafunzi mara nyingi bila kufikiria ndege. Seli moja ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huipasha ya jirani, na hiyo jirani inayofuata, mpaka pakiti nzima inalipuka. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye chumba cha mizigo huweza kuzima miali, ila haizipozi seli. Juu, abiria ataona moshi na wahudumu watamwaga maji mpaka ipoe. Chini hakuna wa kuona. Septemba 2010 ndege ya mizigo ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena yenye betri hizo, na marubani wote wawili wakafa. Ndiyo maana sikuelewa Machi 2017, Marekani ilipoamuru abiria wanaotokea Doha, Dubai na viwanja vingine kadhaa waweke laptopu zao kwenye mizigo ya chini kwa hofu ya mabomu. Kwa kukimbia moto mmoja walikuwa wanaualika mwingine. Amri yenyewe haikumaliza mwaka.

Basi betri zile mbili zikazibwa midomo kwa selotepu, shaba isiguse funguo wala sarafu, zikaingia mfuko wa koti.

Kompyuta ya mezani ndiyo iliyotukesha. Tuliifungua, tukatoa diski. Ndani ya diski ya aina ile sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Hata ikiwa imezimwa na kichwa kimeegeshwa pembeni, kuangushwa kutoka kimo cha meza kunatosha kuiua. Hiyo nikaitia kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa, ule wa kuzuia umeme tuli, niliokuwa nimeununua Luthuli Avenue, nayo ikaenda kwenye mfuko wa pili wa koti. Koti likawa zito kama la mganga. Uwazi wa ndani ya kasha tuliujaza karatasi za khaki tulizozifinyanga, kisha kasha lote likavishwa nailoni ya vipovu, ile ambayo watoto hupenda kuipasua, na kuingia katoni. Nikachora mishale mikubwa ya kuelekea juu kila upande.

Vijiti vya RAM, vile vya kumbukumbu ambavyo huchomekwa tu, niliviacha mahali pake. Laptopu mbili za begini nilizitandikia sweta chini, nikazifunika na taulo, na chaja nikazishindilia juu ya taulo. Yakumbuke hayo mawili.

Jambo la mwisho: nilizizima zote kabisa, sikuzilaza tu. Laptopu iliyolala huweza kuamka yenyewe ndani ya mkoba, ikakosa pa kupumulia na kujioka humohumo.

Asubuhi, pale kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa JKIA, nilitoa laptopu moja, ya pili, ya tatu, kila moja kwenye trei yake. Eksirei haizidhuru, wala haifuti kilichomo, ingawa mzee aliyekuwa nyuma yangu aliniapia kwamba simu yake ilifutwa hivyo. Askari mama akanitazama.

"Mzee, unafungua duka?"

"Shule, madam."

Akatoa betri mfukoni, kisha diski, kisha pawabenki. Kinachotazamwa ni wati-saa, yaani nishati ambayo betri inabeba, na mpaka ni 100. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, kupita hapo ni kuagana nayo. Pawabenki yangu iliandikwa 20,000 mAh, yaani miliamp-saa, peke yake. Sasa hapo ndipo mwalimu nilipopata darasa: amp-saa 20 mara volti 3.7 ni 74. Betri za laptopu, 4.4 mara 10.8, hazifiki hata 48. Nilikuwa tayari kuandika ubaoni. Mama akasema, "Sawa, mwalimu, nimeelewa," kwa sauti ya mtu aliyechoka, akachomoa kitu kimoja tu kutoka mfuko wa pembeni wa mkoba: bisibisi yangu ya kichwa cha nyota. "Hii hapana." Miaka sita nimefungua nayo mashine za shule nzima, na ilitakiwa kulala kwenye begi la chini na chaja. Niliisahau mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Ndani ya ndege nilikataa kuweka mkoba kwenye kabati la juu. Nilishamwona kijana mmoja akisukuma humo begi lake la magurudumu kwa bega. Wangu niliusukuma chini ya kiti cha mbele, miguu yangu ikaulinda.

Safari yenyewe ni dakika 45 hivi, haina simulizi ndefu. Longonot ilipita na shimo lake, msitu wa Mau, majani chai ya Kericho yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto anayeanza shule, kisha miwa ya bonde la Nyando, na ghafla ghuba ya Winam ikajaza dirisha, gugumaji limetanda kama shamba lisilo na mwenyewe. Tukatua. Mlango ulipofunguka, joto la Kisumu likatupokea kabla ya watu.

Katoni yangu ilifika miguu juu. Mishale yote niliyoichora ilikuwa inaonyesha kuzimu. Kona moja ilikuwa imebonyea, kiasi cha kiganja. Sikuifungua. Ningeifungua na nini?

Kutoka uwanjani hadi barabara ya Busia si mbali, na kwa anayekwenda Luanda hakuna haja ya kuingia mjini. Matatu ikasimama, makanga akaikamata katoni.

"Mwalimu, hii tunafunga kwa keria."

"Hii inakaa na mimi."

"Basi ilipe kiti."

Nikailipia. Abiria wawili walicheka, mama mmoja akauliza kama ndani mna kuku. Nilikaa nimeikumbatia kupita Kisian, tukapanda Maseno mahali ikweta inapokatiza, na kila tuta la barabara nililihisi kifuani. Tangu Nairobi, mishtuko mikali kuliko yote niliipata kwenye hizo dakika arobaini. Na keria ingekuwa mbaya mara kumi.

Sokoni Luanda fundi wa baiskeli aliniazima bisibisi bapa iliyochakaa, nikaifungua katoni juu ya benchi lake, watu wamezunguka. Kasha lilikuwa limekunjika kidogo. Kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kimechomoka na kulala juu ya karatasi za khaki kama yai kwenye kiota. Nilikirudisha, kikalia klak. Shuleni nikairudishia diski yake kutoka kwenye koti, ikawaka bila tik hata moja.

Laptopu tatu za mkononi zilikuwa nzima. Kati ya zile za begini, moja ilikuwa nzima. Ya pili niliiwasha, skrini ikatoa doa jeusi linalotambaa kama wino kwenye maji. Juu ya kifuniko chake, mahali hasa doa lilipoanzia, palikuwa na alama ya mstatili. Nikachukua chaja moja nikaipachika pale. Ilienea sawasawa. Ni mimi niliyeishindilia.

Nilimpigia shemeji kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani vitunguu uliviweka wewe safari hii?"

Tuliiunganisha kwenye ile skrini nzito ya kioo cha mgongo iliyobaki kutoka mashine ya basi. Asubuhi yake watahiniwa walipoingia, watatu waligombania hiyo hiyo, kwa sababu, walisema, maandishi yake ni makubwa.