Maji Yamepungua, Stoo Imelowa

Moshi, Mei 2024

Kila ninayekutana naye mjini ananipa pole ya shamba lililozama kwenye mafuriko. "Mahindi yamepona?" Naipokea pole kwa moyo mmoja, ila mimi kinachoninyima usingizi ni stoo. Shambani tumepoteza mahindi ambayo tungeyavuna Agosti. Stoo tumepoteza ugali wa wiki hii.

Stoo yenyewe ni ya shangazi yangu, anayeishi tambarare, njia ya Kahe. Huko maji yanaweza kukufikia hujaona hata tone la mvua. Inanyesha mlimani, mito inajaa, na wewe wa chini unaamshwa usiku na mbwa wanaobweka na ndoo zinazogongana uani. Mwaka huu ilinyesha kotekote. Mvua za El Niño zilianza na vuli ya 2023, ardhi ikashiba mapema, na masika ilipoingia maji hayakuwa na pa kwenda. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa sababu ya mvua hizi. Kwetu hakuna aliyekufa. Nalitanguliza hilo kabla sijaanza kulilia mahindi.

Mafuriko ya ukanda wetu huja katika miezi mibaya kuliko yote. Masika ni Machi hadi Mei. Mahindi ya mwaka jana yanaelekea kuisha, mapya bado yako usawa wa magoti. Hata mwaka usio na mafuriko, ni miezi ambayo mama wa nyumba anaanza kupima unga kwa kikombe. Kwa hiyo maji yakiingia stoo mwezi wa nne yanakuta magunia machache, na hayo machache ndiyo kila kitu.

Shangazi alikuwa ameyapanga juu ya matofali, kama mabwana shamba wanavyoelekeza. Maji yalipita matofali. Magunia ya juu yalibaki makavu, ya chini yakalowa, na kwa kuwa yote yamegusana, ya katikati yakanyonya unyevu kidogo kidogo bila mtu kujua. Tulipofungua la chini, niliingiza mkono nikakuta joto. Mahindi yaliyolowa yakibanwa ndani ya gunia hupata joto yenyewe. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, na kwenye kiini cha baadhi yake kulikuwa na ukungu, kijani inayoelekea manjano. Ukipuliza, unaruka kama vumbi.

"Tutayaosha mwanangu, tutayaanika, yaende mashineni," shangazi akasema. "Yakishakuwa unga nani atajua?"

Namwelewa sana. Mtu aliyelima, akapalilia, akavuna, akapukuchua kwa mikono yake hawezi kuambiwa amwage chakula akasema sawa. Lakini ukungu ule ndio unaoleta sumukuvu. Sumu yenyewe huioni, huinusi, haiondoki kwa kuosha wala kwa kusonga ugali hadi uive. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ni majirani zetu. Anayeila kidogo kidogo anaumia ini polepole, na wataalamu wanaihusisha na udumavu wa watoto. Jirani mmoja akashauri tumpe ng'ombe. Nikakataa hilo pia, kwa sababu ng'ombe akila, sumu inapita kwenye maziwa, na maziwa yale anayanywa mjukuu.

"Shangazi, nisamehe, haya hayaliwi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Haya. Na mimi nile nini?"

Swali hilo ni halali kabisa, na ningetamani kila anayekuja huku na semina ya usalama wa chakula ajiandae kulijibu kabla hajashuka kwenye gari. Kumwambia mtu atupe gunia bila kumwonyesha sufuria ya jioni ni kumwachia njaa aibebe peke yake.

Siku ile jibu lilitoka mlimani. Baba mdogo aliteremsha mikungu ya ndizi, magimbi na maharage kutoka kihambani, shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba. Kule maji hayatuami, migomba imesimama, magimbi kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yamenawiri kwa mvua hiihii iliyotumaliza huku chini. Wazee wetu waliishi hivyo, kihamba juu, shamba la mahindi chini. Juu pakiharibika unakula ya chini, chini pakiharibika unakula ya juu. Majani ya ng'ombe yalipanda, ndizi zikashuka. Mimi naamini hakuna mpango wa kukabili tabianchi utakaowafaa watu wa Kilimanjaro kama unautazama mlima na tambarare kama wilaya mbili zisizojuana.

Ila nisiusifie utaratibu ule kupita kiasi. Kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Shangazi yuko tambarare kwa sababu juu hakuwa na chake. Na kwa wengine wengi, hata wanaume, kihamba kimegawanywa tangu babu hadi wajukuu mpaka kimebaki kiwanja cha nyumba na migomba ya kuhesabika. Ndizi za baba mdogo ni wema wake. Mwaka ambao hatakuwa nazo, au tutakuwa tumekosana, shangazi atakula nini?

Magunia ya katikati tuliyamwaga juu ya turubai, tukachambua punje kwa punje, zenye ukungu au zilizopasuka zikawekwa kando kwenda kufukiwa. Jua la Mei hapa Moshi halitabiriki, unaanika saa nne, saa sita unakimbiza turubai ndani. Kujua kama yamekauka tulitumia chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi na chumvi kavu kidogo, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mara ya kwanza chupa ilikuwa nyeupe pande zote. Shangazi aliigeuzageuza mkononi, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Kila jioni anaitikisa mwenyewe. Yatakayokauka ndiyo yatakayoingia kwenye ile mifuko yenye nailoni mbili ndani, isiyopitisha hewa. Mfuko ule ni mzuri sana dhidi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, lakini ukiufungia mahindi yenye unyevu umeuhifadhi ukungu.

Shambani tumeshakubali. Mahindi yakisimama ndani ya maji siku kadhaa mizizi inakosa hewa, hayainuki tena. Wenye majaruba upande wa Chekereni angalau mpunga unavumilia maji, ingawa nao wana mifereji iliyojaa tope la kuzibua. Sisi tumetumia unyevu uliobaki kupanda kunde na marando ya viazi vitamu. Kunde nilizisisitiza mimi, kwa kuwa majani yake yanachumwa mboga mapema, kabla hata haijatoa ua.

Kilichobaki ni stoo. Baba mdogo alipendekeza nusu ya mavuno yajayo ihifadhiwe kwake kihambani, mbali na maji. Kwa hesabu ya mafuriko ana haki. Shangazi alikataa papo hapo. "Nimelima mimi, halafu nikitaka debe la mahindi nipande daladala kwenda kuomba ufunguo?" Nilikuwa upande wake, nikasema hivyo mbele ya wote, kwa sababu chakula kilicho chini ya ufunguo wa mtu mwingine hakiwezi kuitwa akiba yako.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Baba mdogo atatoa miti ya mgrevilea kutoka kihambani, stoo mpya ijengwe juu ya nguzo, sakafu ikae futi mbili juu ya alama ya tope iliyobaki ukutani, na kila nguzo ivishwe bati panya wasipande. Ufunguo ni wa shangazi. Fundi anaanza Juni, barabara ikipitika.