Zaburi 113 hadi 118 katika Siku ya Uhuru wa Israeli

Wapendwa katika imani, wiki hii tuzitafakari Zaburi 113 hadi 118, ambazo Wayahudi huziita Haleli. Tangu miaka ya mwanzo ya taifa la Israeli, Marabi Wakuu wa nchi hiyo waliagiza zisomwe pia Siku ya Uhuru, tarehe 5 ya mwezi wa Iyari katika kalenda ya Kiyahudi, kwa kuikumbuka Ijumaa ya 14 Mei 1948, siku taifa hilo lilipotangazwa.

Kuzisoma zaburi hakuna anayekukataza. Ugumu uko kwenye baraka inayotangulia, kwa maana inamtaja Mungu kwamba ndiye aliyetuamuru kusoma Haleli. Ukiitamka pasipo amri, umelitaja bure jina lake, na Kutoka 20:7 inakataza. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale (Pesahimu 117a), inafundisha kuwa manabii waliagiza Haleli isomwe kwa kila taabu ambayo Israeli wanakombolewa kutoka kwayo. Kwa msingi huo, mwaka 1974, wakati Shlomo Goren akiwa Rabi Mkuu, ikaamuliwa baraka isomwe asubuhi. Rabi Ovadia Yosef, mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, alishikilia Haleli isomwe bila baraka. Kanuni ni kwamba baraka ikiwa na shaka, huachwa. Wapo pia wasioisoma Haleli kabisa siku hiyo. Mimi naiheshimu sana hofu hii ya kumshukuru Mungu kwa maneno ambayo hakuyaagiza.

Asubuhi, sala ya kusimama iitwayo Amida ikiisha, maombi ya toba ya Tahanuni hurukwa, kisha watu husoma Haleli wakiwa wamesimama. Asiyebariki huanza moja kwa moja na "Haleluya" ya Zaburi 113. Hapo awe mwangalifu: Haleli hufungwa kwa baraka nyingine yenye jina la Mungu, na ulimi uliozoea huimalizia tu. Aliyeacha ya mwanzo aiache na ya mwisho. Katika Zaburi 118, mistari ya 21 hadi 29 husomwa mara mbili mbili.

Tarehe nayo huhama. Iyari 5 ikiangukia Ijumaa au Sabato, sherehe hurudishwa Alhamisi; ikiwa Jumatatu, husogezwa Jumanne, ili maandalizi ya siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, inayotangulia, yasivunje Sabato. Ikiwa Jumatano haiguswi.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Haleli ya siku hii ni kamili. Mwezi mpya unapoandama na katika siku za mwisho za Pasaka huachwa 115:1-11 na 116:1-11. Siku ya Uhuru hakuna kinachoachwa. Basi taifa lililozika vijana wake linasoma 116:3, kamba za mauti zilizomzunguka mtu, na kabla ya hapo, 115:1: "Ee BWANA, sio sisi, sio sisi, bali ulitukuze jina lako."