Nawe ukiniambia umekula

Posa ya mdogo wangu imekubaliwa, alhamdulillahi, kazini nimehamishiwa idara ile niliyoililia, na macho ya Mama yamepimwa tena. Wiki ya kheri tele. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto nasikia maneno matatu tu, na yamesemwa juu ya kisahani cha foili.

Mliokuwa mkinisoma nikiwa Queens, New York, mnaukumbuka ule mkokoteni wa chakula wa chini ya reli, Roosevelt Avenue. Niliusifu mpaka mmoja wenu akaniuliza kama muuzaji ni mchumba. (Si mchumba. Ana wajukuu.) Basi kuna vijana wamefungua hoteli huku Nyali, ndogo, meza chache na viti virefu vya dirishani, na wanachouza ni kile kile: kuku juu ya wali wa manjano, majani ya saladi, vipande vya mkate wa pita, sosi nyeupe, sosi nyekundu. Ukutani wamechora teksi ya manjano. Mlangoni wameandika HALAL kwa herufi kubwa kuliko jina la hoteli, nikacheka nikiwa bado kwenye tuktuk, maana Mombasa anayetakiwa kuandika mlangoni ni yule asiyeuza halali. Kule New York ukiliona neno lile limewaka taa kwa mbali moyo unatua. Hapa ni pambo.

Nilikuwa nimetoka na Mama kliniki. Daktari amesema mtoto wa jicho hajafika wa kutolewa, tusubiri. Mama na kusubiri hawapatani, akatoka amenuna, hata mlinzi hakumuaga. Nikaona nimchangamshe. Nikamwambia leo nakupeleka ukale chakula changu cha Marekani.

Kikaja. Kwa macho kilifanana kuliko kwa ulimi. Kuku wamemkatakata sawasawa, vipande vidogo vilivyoungua pembeni, ndivyo inavyotakiwa. Sosi nyeupe ina sukari, sijui nani aliwashauri. Ile nyekundu, ambayo kule tone moja linakutoa machozi na kamasi kwa pamoja, hapa ni tomato iliyotiwa adabu. Na wali! Mpishi ni wetu wa hapa hapa na mkono wake haukuweza kujizuia: nimekuta punje nzima ya iliki. Wali wa mkokoteni hauna iliki. Una manjano, chumvi, mafuta na haraka.

Hata hivyo harufu ilipopanda nilinyamaza. Uzile, kuku wa bamba la moto, mtindi baridi juu yake. Kwa dakika ile nilikuwa nimevaa koti.

Mama akala vijiko viwili vitatu, akasema mtele mzuri huu wameuharibu, akakizungusha kile kisahani kwa kidole. Yaliyofuata nayaandika kama yalivyokuwa, pengine yatanitoka.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Ukila wapi?"

"Njiani, Mama. Kuna mikokoteni."

"Umekaa?"

"Nimesimama. Au nikitembea."

"Saa ngapi?"

"Nikitoka kazini. Saa tano, saa sita za usiku."

"Na baridi ile?"

"Na baridi ile."

Akajifuta mdomo pole pole. Kisha:

"Nawe ukiniambia umekula."

Basi. Hakuongeza. Akaitisha chai, wakamwambia chai hakuna, kuna soda, akasema haya.

Kwanza nilikasirika. Kwani nilikuwa sijala? Alikuwa akinipigia akishaswali alfajiri, huku Mombasa jogoo wanawika na sufuria ya chai iko jikoni, na kwangu kule ni usiku, nimetoka kumlaza yule bibi niliyekuwa nikimtunza, nimesimama chini ya reli na treni inapita juu ya kichwa. "Umekula?" "Nimekula." Ni kweli tupu! Mdomo ulikuwa bado unawaka pilipili. Alitaka niseme nini, nimekula wima?

Halafu nikaanza kuyajaribu yale maneno usiku chini ya neti, kwa sauti hii na ile. Yanatoka lawama. Nikiyasema taratibu zaidi yanatoka kitu kingine, ambacho ni kibaya kuliko lawama: mtu anayehesabu nyuma simu zote zile na kuziondolea meza. Maana najua Mama alikuwa akiona nini nikimwambia nimekula. Kwake kula kuna sinia, kuna maji ya kunawa, kuna mtu wa kukwambia hujala kitu, ongeza. Huyu ni mtu ambaye hata viazi karai vya barabarani huvibeba mpaka nyumbani akavitia sahanini. Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, tukienda, dunia nzima imesimama upepo unavuma, watu wanatafuna muhogo wa pilipili na ndimu, yeye lazima apate ukuta wa kukalia na atandike leso. Kula wima kwake ni kuonja.

Nikamsimulia Da Mkubwa. Akasema, "Wewe unapenda kujitesa, Mama alikuwa anaongea tu." Lakini Da Mkubwa ndiye aliyerithi mdomo ule, kwa hiyo ushahidi wake siupokei.

Jumamosi mambo yakageuka, na hata sikujua yanageuka. Nilikuwa jikoni natengeneza sosi nyeupe yangu mwenyewe kwa hasira: mtindi mzito, mayonezi, siki kidogo, kitunguu saumu, pilipili manga, sukari hapana. Mama akaingia, akavuta mbuzi akaikalia, ingawa nazi ilikuwa imeshakunwa zamani.

"Yule mtu," akasema, "mwenyewe alikuwa akila nini?"

"Mtu gani?"

"Wa mkokoteni."

Nikamwambia. Mayai ya kuchemsha na mkate kutoka nyumbani, mkewe akimfungia. Mtu wa Iskandaria, Misri. Kuku wake mwenyewe hali, amemchoka. Akaniuliza akiswali wapi. Nikasema juu ya boksi lililokunjuliwa, baina ya mkokoteni na duka la mboga, na akiswali mteja aliyepo hushika zamu, na usiku mmoja aliyepo nilikuwa mimi, akanipa upawa.

"Ukauza?"

"Sahani moja. Nikamtilia mtu nyekundu kama ni nyeupe, akarudi anagomba kwa Kihispania."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu habari ya tangi la maji.

Akataka yote. Mkokoteni ni wake? Wake, lakini kibali ni cha mwingine. Vipi? Nikamweleza kwamba jiji la New York liliweka kikomo cha vibali vya mikokoteni ya chakula tangu miaka ya 1980, vikaganda kwenye kiasi cha 3,000 kwa jiji zima, na aliyekuwa nacho akawa anakikodisha kwa mlango wa nyuma. Serikalini kibali ni dola 200 kwa miaka miwili. Mtaani kimefika dola 20,000 na zaidi. Mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kuongeza leseni kidogo kidogo kila mwaka, na mzee wangu akasema foleni yenyewe itamkuta kaburini. Na bila karatasi, polisi wanakuandikia faini au wanachukua vitu.

"Kumbe kanju wapo hata huko," Mama akasema, yaani askari wa kaunti wanaowakimbiza wachuuzi, na nawaapia alifurahi. Nadhani amenisamehea Marekani nusu nzima kwa ajili ya kanju.

Nikamwongezea na hadithi ya Wamisri wa kona ya Barabara ya 53 na 6th Avenue, wale waliokuja kuwa Halal Guys: walianza 1990 na mkokoteni wa soseji, wakaona madereva wa teksi Waislamu wanazunguka usiku kucha hawapati chakula cha halali, wakaacha soseji wakaingia kuku na wali. Hiyo haikumshangaza. Alisema dereva mwenye njaa atafungulia watu hoteli popote, tazama steji za matatu.

Akachovya kidole kwenye sosi yangu. Inataka ndimu, akasema, akakamua mwenyewe bila kuniuliza, na lazima nikiri sasa ni nzuri kuliko ya Roosevelt Avenue. Tumeilia kachri za muhogo. Si chakula cha New York wala cha hapa, na mdogo wangu amekomba bakuli.

Nilitaka kumuuliza pale pale. Mama, siku ile ulimaanisha nini? Neno lilifika kwenye meno. Lakini alikuwa ameshasimama anatafuta miwani, na mlangoni akageuka:

"Huyo mzee, alikuwa akikuzidishia?"

"Akinizidishia. Kila siku. Na mkate wa pili hakunitoza."

"Haya," akasema, akaenda kuswali.

Sasa nina "haya" ya kuilalia badala ya ile nyingine. Sijui kama ni afadhali.

Hoteli ile nitarudi, kwa taarifa yenu, lakini nitaenda na chupa yangu ya pilipili mkobani. Nimeshamwambia kijana wa kaunta kuhusu sukari. Amesema wateja wanaipenda hivyo. Wateja gani?

Halafu kuna jirani wa nyuma. Ameanza kupandisha ghorofa ya tatu juu ya msingi ambao sote tulimwona akiumwaga kwa ghorofa moja, na ukuta wa choo chetu umepasuka kutoka dirishani hadi karibu na bomba. Fundi wetu amesema ni plasta tu. Fundi wetu husema kila kitu ni plasta tu. Mwenye kumjua mhandisi ambaye si binamu wa mjenzi yeyote wa mtaa huu aniandikie, kabla mvua za masika hazijaanza.