Probu ya pH iliyosoma 7 kila mahali, ilibaki kidogo tu imalize samaki wangu

Mtu akikwambia probu ya pH (kijiti kinachopima asidi ya maji) unaikalibreti, yaani unairekebisha isome sawa, kwa bafa ya 7 tu (maji maalumu yenye pH 7 kamili) inatosha, usimsikilize. Mimi nilimsikiliza, na naandika haya bado nina hasira, maana aliyeniambia bado anawaambia wengine.

Tenki langu la samaki ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, limejaa mimea, na mimea inapewa CO2 kutoka kwenye mtungi. CO2 ikiingia kwenye maji inayafanya yawe na asidi, pH inashuka, sasa kontrola inaangalia ile pH kupitia probu, ikifika 6.6 inafunga valvu, ikipanda inafungua tena. Yaani maisha ya samaki yanategemea kijiti kimoja chenye kioo nchani. Kikisoma vibaya gesi inaendelea kuingia tu na hakuna wa kuizuia.

Siku hiyo nilikuwa nasafisha, probu ilikuwa na ute wa kijani kwa sababu niliiweka mahali panapopigwa na taa (usiweke hapo, tafuta kona yenye kivuli na maji yanayotembea). Nikaisugua kwa mswaki, na wakati naisuuza ikagonga ukingo wa ndoo. Kagongo kadogo tu. Nikaikagua kwenye mwanga, sikuona ufa. Nikaichovya kwenye bafa ya 7 ikasoma 7.00 papo hapo, haijawahi kusoma haraka hivyo, nikasema sawa, usafi umesaidia, nikairudisha kwenye tenki.

Kesho yake namba ikagoma kushuka. 6.98, 6.97, 6.98, saa nne nzima tangu taa ziwake. Nikauliza wenzangu wa samaki, jibu likaja haraka: mtungi unaelekea kuisha, ongeza mapovu ya CO2. Nikaongeza. Baada ya saa moja bado 6.97, nikaongeza tena. Mchana nikaona Corydoras (kambare wadogo wa chini ya tenki) wanapanda juu kuvuta hewa, sikushtuka maana wale hupanda hata siku za kawaida, ndivyo walivyoumbwa. Nilishtuka nilipoona neon, wale samaki wadogo wanaokaa kwa kundi. Neon wote, kundi zima, midomo juu ya uso wa maji, matamvua yanaenda mbio, na mmoja amelala ubavu kwenye majani.

Nikafunga mtungi kwa mkono, nikatupia jiwe la hewa na pampu nguvu zote, nikabadilisha maji kama theluthi hivi yenye joto lilelile. Ilichukua karibu saa nzima ndio wakaanza kushuka mmoja mmoja. Wawili hawakuamka. Inaniuma mpaka sasa, maana siku nzima nilikuwa naangalia namba badala ya kuangalia samaki.

Jioni nikachukua bafa ya 4 ambayo ilikuwa kabatini haijafunguliwa, nikaichovya probu. Ikasoma 6.9. Nikajaribu siki nyeupe ya jikoni, ambayo ni asidi ya wazi, ikasoma 6.9 na ushee. Ndipo nikaelewa! Probu ya pH inatoa umeme mdogo sana, na kwenye pH 7 ikiwa nzima inatoa milivolti 0 au karibu na hapo. Sasa kioo kikipata ufa, hata ule usioonekana kwa macho, ndani na nje vinaungana na umeme unapotea, milivolti zinabaki karibu na 0 popote utakapoichovya. Kontrola ikiona 0 inaandika 7. Kwa hiyo bafa ya 7 ndiyo pekee ambayo probu iliyokufa inafaulu, tena inafaulu kwa kishindo. Ndio maana ilisoma haraka vile.

Toka siku hiyo nakalibreti kwa mbili, 7 halafu 4, kwa sababu maji yangu yako chini ya 7. Wa maji chumvi watumie 7 na 10, ila bafa ya 10 inaharibika upesi ikiachwa wazi kwa sababu inanyonya CO2 ya hewani. Na siangalii tu kama imekubali kukalibreti, naangalia milivolti. Kwenye nyuzi 25 probu nzima inatoa kama milivolti 59 kwa kila namba moja ya pH, kwa hiyo toka 7 mpaka 4 unataka tofauti ya karibu 177. Ikianza kuwa chini ya 160 mimi naagiza nyingine. Kwa kawaida zinadumu mwaka mmoja mpaka miwili, hata ukizitunza kama mboni ya jicho.

Sasa nilikuwa na probu ya akiba. Hapa ndio ushauri mbaya wa pili, na huu niliambiwa na watu wawili tofauti kwa uhakika kabisa: ihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, ndio masafi zaidi. Niliihifadhi hivyo miezi minne. Nilipoitoa ilikuwa inasoma polepole mno, dakika kumi na bado namba inatembea, na tofauti ya 7 na 4 haikufika hata 130. Ndani ya probu kuna maji ya chumvi ya potasiamu kloridi, ukiizamisha kwenye maji yasiyo na chumvi hata chembe ile chumvi inatoka taratibu kupitia kile kitundu cha pembeni, probu inakauka nguvu. Ihifadhiwe kwenye maji yake ya kuhifadhia yenye potasiamu kloridi, ukikosa kabisa weka kwenye bafa ya 4 kwa muda. Isikauke. Na ile chumvi nyeupe utakayoikuta kwenye kofia ya probu mpya ni ya kawaida, suuza tu, usiifute kioo kwa kitambaa, gusisha karatasi laini inyonye tone basi.

Nikanunua mpya. Bei iliuma kidogo, lakini ukiilinganisha na kundi la neon na mimea ya miaka mitatu hailalamikiwi.

Probu mpya ikakalibreti vizuri, nikaitia kwenye tenki, ikasoma 6.9, baada ya dakika chache 6.6, kisha 6.9 tena. Nikapandwa na presha. Wengine wakaniambia ni mbovu, irudishe. Safari hii sikukubali mpaka nijue mwenyewe. Nikachota maji ya tenki kwenye glasi, nikaweka glasi mezani mbali na tenki, nikachovya probu humo. 6.6, imetulia tuli. Nikairudisha kwenye tenki, ikaruka. Maji ni yaleyale! Kilichokuwepo kwenye tenki na hakipo kwenye glasi ni umeme. Nikachomoa kifaa kimoja kimoja, taa, filta, pampu, namba haikubadilika, nilipochomoa hita tu ikashuka 6.6 na kukaa. Hita ilikuwa inavujisha umeme kwenye maji, na mimi nilikuwa naingiza mkono humo kila wiki. Hiyo hita haikurudi tena kwenye tenki, na siku hizi nachomoa kila kitu kabla ya kugusa maji.

Usafi nafanya mara moja kwa mwezi. Ute wa kijani naloweka kwenye maji yenye bleachi kidogo, sehemu moja kwa kumi, dakika chache, ukoko mweupe naloweka kwenye siki, na siku tofauti, kamwe usichanganye siki na bleachi maana inatoa gesi ya sumu. Halafu naipumzisha kwenye maji yake saa moja ndio nakalibreti. Plagi ya kebo ikae kavu, kebo ilegezwe ining'inie chini ya plagi ili tone la maji lidondokee sakafuni.

Leo asubuhi nimekalibreti, tofauti imekuja 172. Tarehe nimeiandika kwenye kebo kwa kalamu ya wino usiofutika, na neon waliobaki wako chini kwenye majani wanakula.