Neno "hatujafa" lilivyonipeleka darasani

Machi 2021 malori yangu mawili ya mahindi yalikwama kwenye foleni ya Namanga. Tarehe 5 Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Nilikuwa nimeegemea tairi, sijala tangu asubuhi, nawaza malipo ya benki, ndipo kijana mwenye kamera akanikuta.

"Mzee, wanasema mahindi yenu yana sumu."

"Hayana sumu! Sisi wenyewe tunayala kila siku na hatujafa."

Niliongea naye karibu dakika kumi. Usiku kwenye taarifa ya habari ikatoka sentensi hiyo moja. Na miaka mitano tu nyuma, 2016, kuna watu waliokuwa wamekufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Shule moja niliyokuwa naiuzia ikasitisha oda. Madereva wakanibatiza: Mzee Hatujafa. Zuio lililegezwa tarehe 10 kwa masharti, jina halikulegea.

Mwanangu ndiye aliyenisukuma kutafuta mwalimu wa kunifundisha kuongea na waandishi wa habari. Nikampata mama mmoja mstaafu wa redio. Ada yake ya siku mbili ilikuwa bei ya magunia ishirini. Niliguna, nikalipa, nikitegemea atanifundisha kukwepa maswali.

Alifunga simu kwenye stendi, akaniuliza maswali kama yule kijana, kisha tukajitazama. Ni adhabu. Najikuna sikio, macho yanatafuta mlango, na kabla ya kufika kwenye jibu nimeshasalimia, nimeshukuru, nimetoa historia ya kampuni.

"Mkurugenzi, hapo mhariri ameshakukata," alisema. "Anza na jibu. Historia itafuata kama kuna nafasi."

Akanionyesha video ya bosi wa kampuni ya mafuta ya BP, Tony Hayward. Mwaka 2010 kisima chao cha mafuta kililipuka Ghuba ya Mexico na wafanyakazi 11 wakafa. Bwana yule aliomba radhi vizuri kabisa, kisha akaongeza kwamba naye anataka maisha yake yarudi. Kabla mwaka haujaisha uongozi ulikuwa umemtoka. Nilicheka. Mama hakucheka; aliweka video yangu.

"Ukisema 'hayana sumu', msikilizaji anabaki na neno gani?"

"Sumu."

"Basi niambie mnafanya nini mahindi yawe salama."

Hapo ndipo niliponyamaza, na si kwa mbinu. Nilikuwa sijui. Nikampigia mtunza ghala mbele yake, simu ikiwa kwenye spika, nikamuuliza tunapimaje. "Kama siku zote, mzee. Tunaing'ata punje. Ikigoma jino, imekauka."

Mama alizima kamera. Mchana wote tuliobaki nao hatukufanya zoezi hata moja la kuongea. Tuliandika orodha ya maswali ambayo mwandishi yeyote angeuliza na mimi sina majibu. Yalifika kumi na saba. Sijawahi kufanyiwa ukaguzi mkali namna ile, na aliyeufanya hajui hata kutofautisha mahindi mapya na ya msimu uliopita.

Kipima unyevu nilikinunua wiki hiyo hiyo. Mzigo unaozidi asilimia 13.5 sasa unarudi kwenye turubai. Ila ukavu pekee hauondoi sumu iliyokwisha kuingia, na wala kupika ugali hakuiondoi, kwa hiyo sampuli za kila shehena zinakwenda maabara. Kikomo ni sehemu 10 katika bilioni. Mama hakuitaka namba hiyo.

"Mwambie mama lishe."

Ilinichukua jioni nzima na kikokotoo. Kesho yake nikamwambia: ni kama punje moja ndani ya lori la tani 30. Akasema, "Hiyo sasa nimeiona."

Msimu uliofuata nikaalikwa redioni, kipindi cha moja kwa moja, wasikilizaji wanapiga simu. Mtangazaji hakunionea huruma, alianza na lile neno. Nikajibu kwamba nilikosea, kwamba sumukuvu huharibu ini taratibu, na kutokufa leo si kipimo. Kisha nikaeleza tunachopima na lile lori la punje moja. Msikilizaji mmoja akauliza kama mashudu ya kuku nayo yanapimwa. Sikuwa na uhakika. Zamani ningebuni kitu. Nikasema sijui, niachie namba, nitakupigia Ijumaa. Nilimpigia Alhamisi. Baadaye alikuja kununua, akitaka kwanza aone cheti.

Ile shule haijarudi. Na wiki iliyopita, pale Namanga, dereva mmoja alitoa kichwa dirishani: "Hatujafa, shikamoo!"

"Marahaba," nikaitika.