Gen wa Street Fighter IV: ishi kwenye vunjajungu, mtembelee korongo

Gen ana vitufe 6 kama mpiganaji mwingine yeyote wa Street Fighter, gemu ya video ya mapigano: ngumi 3 na mateke 3. Shida ni kwamba kila kitufe kina kazi mbili. Bonyeza ngumi zote 3 kwa pamoja, anaingia mtindo wa vunjajungu, yaani Soryu. Bonyeza mateke yote 3, anaingia mtindo wa ndege korongo, yaani Kiryu. Awe amesimama, amechuchumaa au yuko hewani, mapigo yake yanabadilika kufuata mtindo. Hapo ndipo wengi humtema na kurudi kwa Ryu, mhusika mkuu aliye rahisi kumzoea.

Kosa kubwa ni kutaka kuijua mitindo yote miwili kwa kiwango kimoja tangu mwanzo. Haina haja. Vunjajungu ndiyo nyumbani: huko ndiko kwenye mapigo ya haraka na kombo (mapigo yaliyounganishwa) za kutegemea. Korongo unaingia ukiwa na shughuli maalumu, ukimaliza unatoka.

Kwa asiyemfahamu: Gen ni mzee wa Kichina, muuaji wa kulipwa wa zamani na mwalimu wa Chun-Li, anayesumbuliwa na maradhi yasiyopona. Anachotaka ni kufa akipigana na mtu anayestahili. Alionekana mara ya kwanza kwenye Street Fighter ya 1987 kama mpinzani wa kompyuta tu, akaja kuchezeka kwenye Street Fighter Alpha 2 ya 1996. Kwenye Street Fighter IV aliongezwa toleo la nyumbani la 2009. Waundaji hawakumfanya mzembe kwa sababu ya umri. Uzee wake uko kwenye afya: ana pointi za afya chini ya zile 1,000 za Ryu, kwa hiyo makosa machache tu yanatosha kummaliza.

Anza na Hyakurenko, zile ngumi za mfululizo za vunjajungu. Hazina mzunguko wa kijiti. Zinataka kitufe cha ngumi kibonyezwe mara 5 kwa haraka. Usitumie kidole kimoja. Telezesha vidole juu ya ngumi nyepesi, ya kati na nzito, kimoja kikifuata kingine, kisha rudia. Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi ni kwamba ngumi nyepesi ulizokwisha kurusha ndani ya kombo zinahesabiwa kwenye zile 5. Ukipiga ngumi nyepesi mbili za kuchuchumaa, umebakiza tatu tu, na mtelezo mmoja wa vidole unatosha. Kitufe cha mwisho ndicho kinachoamua uzito wa Hyakurenko, basi panga mtelezo wako uishie pale unapopataka.

Linaloharibika hapa ni moja: vidole viwili vikigusa pamoja, gemu inasoma EX, yaani pigo lililoongezwa nguvu, na mita (akiba ya nguvu inayolilipia) inapungua kipande 1 kati ya 4 bila ridhaa yako. Ukiona mita inayeyuka na hujui ilikokwenda, washa onyesho la vitufe kwenye mazoezi. Utaona ngumi mbili kwenye mstari mmoja, na jawabu ni kupunguza kasi ya mkono kidogo.

Gekiro ni teke la kupanda: mbele, chini, mbele-chini, kisha teke. Likimpata mpinzani, unaweza kuongeza mateke mengine hewani kwa kubonyeza tena kila pigo linapogusa. Sisitizo liko kwenye kugusa. Ukibonyezabonyeza ovyo mnyororo unakatika, Gen anashuka, na mpinzani anakupokea chini. Fanyia mazoezi uzito mmoja wa teke mpaka mkono uzoee mdundo wake, ndipo uguse mwingine. Na usilirushe kwa mtu anayejikinga. Hilo ni sawa na kumkabidhi raundi.

Sasa korongo. Mapigo yake maalumu ni ya kuchaji, yaani kushikilia kijiti upande mmoja kwanza. Jasen ni kubingirika kwenda mbele: shikilia nyuma kwa karibu sekunde moja, sukuma mbele na ngumi. Oga ni kuchaji chini, kisha juu na teke; Gen anarukia ukutani, na mwelekeo unaoushikilia akiwa huko ndio unaoamua anakokwenda. Oga ndiyo sababu kuu ya kumtembelea korongo, kwa kuwa kona ni mahali pabaya kwa mwenye afya ndogo na hii inakutoa.

Utamu ni kwamba chaji ni suala la kijiti, si la mtindo. Unaweza kuchuchumaa ukijikinga kwenye vunjajungu, kijiti kikiwa chini-nyuma, ukabonyeza mateke 3 kuingia korongo bila kuachia, halafu ukatoa Oga au Jasen papo hapo. Mpinzani aliyezoea kusoma mtindo wako kwa kuangalia mikono anapata muda mfupi mno wa kubadili mawazo. Unaweza pia kubadili mtindo ukiwa hewani: unaruka ukiwa korongo, unatua ukiwa vunjajungu tayari kwa ngumi nyepesi.

Kubadili kwenyewe kunataka nidhamu. Vitufe 3 visipofika pamoja, kile kilichowahi kinatoa pigo la kawaida. Likiwa teke zito, umeachwa wazi katikati ya ukumbi, na gemu inayokwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde haikungojei. Kwenye pedi, tumia kitufe kimoja cha bega kwa ngumi 3 na kingine kwa mateke 3. Wanaotumia kijiti cha akedi walalie vitufe kwa vidole vitatu vilivyonyooka, si kwa kiganja.

Super na Ultra, yaani mapigo yake makubwa kuliko yote, nazo zinafuata mtindo. Zan'ei na Zetsuei ni za vunjajungu na zinatoka ukiwa ardhini. Jakoha na Ryukoha ni za korongo na zinatolewa hewani. Kama Ultra inakugomea kabisa wakati mita yake imejaa, angalia kwanza uko mtindo gani kabla ya kulaumu mkono.

Mazoezini, mpange mpinzani bandia ajikinge mwenyewe kombo inapokatika. Akijikinga kati ya ngumi nyepesi na Hyakurenko, umechelewa, hata kama machoni ilionekana imeunganika. Fanya upande wa kushoto na wa kulia pia. Gekiro ya upande wa pili ndiyo huwaumbua watu.

Anayetaka mzee mwenye mzigo wa aina nyingine amtafute Shun Di wa Virtua Fighter 2, gemu nyingine ya mapigano, ya 1994. Huyo hana mitindo ya kubadili. Anakunywa katikati ya pambano, na kadiri hesabu ya vinywaji inavyopanda ndivyo mapigo mapya yanavyofunguka. Kwake kazi ni kutafuta nafasi ya kunywa, hasa mpinzani akiwa chini. Kwa Gen silaha zote ziko wazi tangu raundi inapoanza.